Kalenda ya Malta, Nansio

Sista Karmena alipoondoka zahanati
aliniachia mkasi butu,
deni la sare mbili za wauguzi,
na kalenda ya kwao.

Mwaka wake umekwisha zamani.
Tarehe zimekufa, picha hazijafa,
sioni kwa nini nizizike pamoja.
Nimeitundika juu ya cherehani,
wateja wanaizunguka Malta
nikiwapima viuno.

Januari, mji wa mawe ya rangi ya gunzi,
mizinga imekodolea bahari.
"Bado wanagombana na nani?" akauliza Magoma,
mikono juu, kama aliyetekwa,
tepu yangu ikimzunguka kifua.

Machi, kanisa lenye saa mbili:
moja ya kweli, moja ya uongo,
ili shetani asijue misa inaanza lini.
Sista aliapa ndivyo walivyomfundisha bibi zake.
Feri yetu nayo ina saa mbili,
ya kwenye ratiba na ya kufika,
ila wanaochanganyikiwa gatini si mashetani.

Juni ni Gozo. Majaruba!
Lakini si ya mpunga: ya chumvi,
yamechongwa mwambani, mraba kwa mraba,
meupe hadi ukingoni mwa maji.
Bituro aliyaangalia kwa jicho la mwanika dagaa:
"Na mvua ikija ghafla, wanaanua na nani?"

Agosti, boti za njano na buluu,
kila moja imechorwa macho omoni
ili ijionee njia yenyewe.
Hapo duka hunyamaza.
Hapa kwetu tunavijua vyombo
ambavyo havikuona.

Kisha akaja Malimi, kidato cha tatu,
kaptula imepasuka, atlasi kwapani.
Alikokotoa kwa chaki juu ya meza yangu,
akafuta, akarudia, akasema:
"Mama Nkwimba, nchi nzima hii,
na bendera yake, na bunge lake,
ni ndogo kuliko Ukerewe."

Niliondoa mguu kwenye pedeli.

Jioni ile niligeuza kalenda.
Mgongo wa kila mwezi ni mweupe pe.
Nikatafuta kalamu.

Magoma akadai Januari: jiwe la Ukara linalocheza.
Ameliona, amelipigia makofi, limeyumba.
Mkewe anasema aliyeyumba ni yeye.
Malimi akachora Jiwe la Bismarck kule Mwanza,
mawe yamebebana, ndege mweupe kileleni,
akaandika chini yake: *jina la mgeni, uzito wa kwetu.*
Mwenye gereji akataka machungwa,
sio mti, yenyewe, kwenye ndoo, ya kuuza.
Mtu fulani, sikumwona nani,
amechora cherehani yangu kwenye Mei
na kuisahau sindano.

Agosti nilimpa Bituro.
Alikaa nayo mapajani mpaka nikawasha taa.
Akanirudishia nyeupe, akaaga.
Nimeitundika hivyohivyo,
hakuna anayeniuliza.

Sista, Desemba bado ina nafasi.
Mkasi nimeunoa, sasa unakata hata jinzi.
Njoo uone nchi kubwa kuliko yako,
feri ya asubuhi, saa utakayoambiwa usiiamini.
Na zile sare mbili,
uje na hela.