Dirisha Namba Tatu

Miaka tisa nimekaa nyuma ya kioo hiki,
feni ikikoroga joto bila kulipunguza,
na neno langu la asubuhi lilikuwa moja:
"Mama, hapa pamepungua karatasi."

Sikuwa mkali. Niandikeni hivyo.
Nilisema kwa upole, kama mtu anayekusindikiza mlangoni
kisha akaurudisha mlango nyuma yako.

Umazi wa Jomvu alikuja na bahasha ya kaki,
mtoto mgongoni, kifua kikipiga mluzi.
Nikataka cheti cha kuzaliwa.
Akaleta cheti; nikataka kitambulisho cha baba.
"Baba," akasema, "hata mimi namtafuta."
Nikataka barua ya chifu.
Chifu yuko mazishini. Chifu yuko semina.
Chifu muhuri wake umekauka wino.
Mara ya nne, mtoto ni Nyevu huku, Nyefu kule,
na kwa herufi moja nikamrudisha Jomvu,
nauli yake kachiri za siku mbili.

Ugonjwa haukuombwa barua ya chifu.
Ulipita mlangoni kwake bila hodi,
ukamjua mtoto kwa jina, usikosee herufi.

Mara ya tano hakuja.
Nilimwona Makadara, hospitalini, usiku nilipompeleka mamangu,
akihesabu sarafu juu ya leso, akikosea, akianza upya.
Nikajibanza nyuma ya nguzo.
Ndiyo. Nguzo.

Mwezi uliopita tukaletewa utaratibu mpya.
Kijitabu cha kliniki chatosha, kile cha chanjo,
kila mama anacho, kinanuka maziwa na mafuta ya taa.
Au orodha ya mwalimu wa chekechea.
Mwanakombo huzunguka nyumba kwa nyumba na simu yake,
akakalia ndoo iliyopinduliwa, akauliza jina, akapiga picha,
na chai aliyokaribishwa haijapoa.

Nilicheka, kicheko kisicho na meno.
Majina haya yote tulikuwa nayo!
Tuliwachanja sisi, tukawapima uzito kwa mikono yetu,
kisha tukawauliza dirishani: nyinyi ni nani?

Jana Umazi akaja, bahasha imechakaa pembe.
Nikamwambia haihitajiki, jina limo.
Nikamgeuzia skrini: Nyevu, kwa V.
Akasimama pale akiingoja "lakini".
Nami niliingoja; ilikuwa ulimini, imezoea kutoka.

"Basi?"
"Basi."

Hakunishukuru. Kwa lipi?
Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa dirisha,
akipulizia kioo mvuke, akichora humo kitu
ambacho toka upande wangu sikukisoma.

Umazi akaikunja bahasha, akairudisha kifuani.
Nikamwambia, hiyo waweza kuitupa sasa.
"Nyinyi," akasema, "mwaweza kugeuka."

Nikapapasa mezani, nikafungua droo.
Sikuwa na karatasi ya kumthibitishia.