Nyeupe Huachwa

Mwalimu Kurian, aliyenifunza rangi za maji
juu ya duka la miwani kule Ruwi,
alikuwa na sheria moja tu, akaitunza kama risiti:
Nyeupe haipakwi, bibie. Nyeupe huachwa.

Basi leo, Barr al-Hikman, maji yamekupwa
mpaka macho yanachoka kuyafuata.
Nimekaa juu ya kreti ya soda, miguu topeni,
najaribu kuacha.

Kitwitwi hawana habari na sheria.
Wanakimbia ukingoni mwa wimbi kama watu
waliosahau kitu, wakakumbuka, wakasahau tena.
Nikimaliza mdomo, mwenye mdomo hayupo.
Nikiupata mguu, ni mguu wa mwingine.
Kwa hiyo huyu hapa, wa kushoto,
ni ndege wanane.

Mama alikuwa akiniita hivyo, kitwitwi,
nilipokataa kutulia nisukwe.
Neno lilikuja naye kutoka Wete, kinywani,
mizani ya forodha haikulipima.
Musallam, mlinzi wa hifadhi, anachungulia karatasi.
"Taitawi," anasema kwa Kiarabu chake cha jangwani,
nami nacheka peke yangu: ndege ni yuleyule,
kabadilisha mwendo tu.

Joto hili halijui adabu ya karatasi.
Naivuta buluu kutoka kushoto,
kabla sijafika kulia imeshakaukia njiani,
imeacha mstari mgumu
kama duara la kikombe mezani.
Wimbi halina mstari wa namna hiyo.
Wimbi hughairi huku linakuja.

Kisha maji yakaniishia.
Chupa ya mwisho kainywa Hamdan, mpwa wangu,
akamalizia na yale ya kuoshea brashi,
akageuka, midomo ya buluu,
akauliza tunacheka nini.
Sikuwa na la kufanya. Nikachovya baharini.

Nikaipaka bahari kwa bahari.
Rangi ikasita, ikajikunja, ikatoka vipele,
na pale nilipokuwa nimelipoteza povu
chumvi ikaanza kulirudisha, punje kwa punje,
bila kuniuliza.
Mwalimu Kurian angefumba macho.
Au angefumbua. Sijui. Alisharudi kwao,
na namba yake haipokelewi.

Nyumbani Sib niliitundika mkabala na kiyoyozi,
nikasema imekwisha.
Lakini Agosti ilipokuja na unyevu wake,
usiku ule umeme ulipokatika
na vioo vikatokwa jasho kwa nje na kwa ndani,
asubuhi niliikuta karatasi imelowa yenyewe:
chumvi imekunywa hewa,
buluu imeteremka kidole kizima,
imewafikia ndege magotini.

Nilisimama na kitambaa mkononi.
Yule wa kushoto, yule wa wanane,
niliyemwachia weupe wa kifua,
maji yalikuwa yamemzunguka pande zote
na yalikuwa bado yanaamua.

Sikuipangusa.
Nimeweka kisahani chini ya fremu,
kwa ajili ya matone.