Bati la Kopo la Kahawa

Kitendawili. Tega.
Nilizaliwa duara, kazi ikanifanya yai.
Usihangaike kunipa mji, jibu liko hapa mbele yangu,
pale mkono wa kunyanyulia unaposhikana na kifua cha trekta.
Nasukuma kidole kati ya pini na ukuta wake.
Kinaingia chote.

Ni Machi, Kainuu, theluji ingali usawa wa madirisha,
na jiko la kuni bandani lapasha joto
upande mmoja tu wa mwili.
Trekta ni ya mwaka sitini na saba, mimi ni wa sabini na moja;
uzee umetuanzia pamoja, kwenye viungo.
Msimu mzima koleo limekwenda upande,
ukiliinua lainama bega la kushoto
kama mtoto aliyezoezwa kubeba ndoo kwa mkono uleule.

Nagonga pini. Haitoki.
Namimina mafuta, nangoja, nakunywa kahawa,
nagonga tena kwa nyundo kubwa.
Haitoki.
Veikko wa ng'ambo ya ziwa anakuja
akivuta mtungi wa gesi juu ya sleji.
Hatuamkiani. Hatukuzoea.
Anawasha mwali wa buluu, chuma kinaiva kama pilipili,
"Sasa," asema,
na kwa Veikko hiyo ni hotuba.

Pini yatoka na madeni yake yote:
grisi iliyokauka ikawa udongo, mchanga,
punje za shayiri za mavuno nisiyoyakumbuka,
na kitu chembamba kilichojikunja
mfano wa ganda la kitunguu.
Nakifuta kwa ncha ya shati.
Bati.
Bati la kopo la kahawa, limeviringishwa kwenye pini
kuziba pengo,
na ukingo wake una vijino vidogo, sawasawa, mwanzo hadi mwisho.

Mkasi wa vijino hivyo naujua.
Ulikaa kwenye droo ya cherehani,
sisi watoto tulikatazwa hata kuutazama,
na mwaka nilipotimiza tisa ukaanza kuwa butu
mama asiseme kwa nini.

Mwaka huo baba alilala Oulu, hospitali, mgongo.
Wiki kumi na moja.
Samadi ilitolewa, njia ikafunguliwa theluji, maziwa yakafika barabarani.
Aliporudi alipanda trekta, akainua koleo, akalishusha,
akaingia jikoni akisema:
"Mnaona? Mashine hii haijawahi kunisumbua."
Na mama, Tuovi, mwanamke wa maneno ya kupima kwa kijiko,
alimmiminia kahawa
kutoka kopo jipya.

Nampa Veikko lile bati.
Analigeuza, anasoma bei ya enzi za marka,
anapitisha ukucha kwenye vijino.
"Limedumu," asema.

Yaliyobaki ni kazi.
Veikko alilijaza yai kwa lehemu, pete juu ya pete,
nami nikalichonga upya kwa mashine ya kuazima,
unywele kwa unywele, siku mbili, macho yakiwasha.
Bushi mpya ya shaba ililala usiku kucha kwenye friza
katikati ya samaki na matunda mekundu ya msituni,
maana hata chuma kikipigwa na baridi hujikunyata kidogo,
na kidogo hicho ndicho tulichokihitaji.
Ikaingia kwa kugongwa mara mbili.
Nikatoboa njia ya grisi, ile ambayo kiwanda kiliisahau.

Bati nimelirudisha kwenye droo ya cherehani.
Cherehani yenyewe tuliiuza zamani.

Leo koleo lapanda limenyooka,
mabega mawili, hewani, bila mlio.
Lakini mkono wangu kwenye wenzo
bado wavuta kidogo kulia,
unasahihisha kosa
ambalo halipo tena.