Kiti cha Chausiku

Umeme umekatika saa tatu na robo
nami nimeshukuru. Leo sitaki balbu.
Mwezi haujaandama, Mwananyamala nzima giza
isipokuwa duka la Mangi, lenye jenereta.

Nimesukuma kitanda ukutani.
Nimemwaga chumvi ya mawe, ya mia tano,
duara dogo, kiasi cha mtu kukaa na mtu.
Ubani uko chetezoni. Mkaa niliuomba kwa Mama Rozina,
nikamwambia nachoma mahindi.
Uongo wa kwanza wa usiku; nauhesabu.

Bibi Sikujua wa Maneromango alipunga watu
kwa manyanga na kaniki.
Mama alipoolewa na maalimu
alivifunga vyote guniani, akavitupa Msimbazi.
Sina ngoma, sina wateja wa kuniitikia.
Nina mshumaa, ukuta wa chokaa,
na neno moja la bibi lililokataa kuzama:
pepo hafukuzwi.
Pepo huulizwa jina,
huulizwa anataka nini,
kisha hupewa kiti.

Basi nimewasha. Naye akasimama ukutani
mkubwa kunishinda, kichwa kimevunjikia darini,
mabega ya mtu aliyebeba kitu.

Nani wewe?
Kimya. Mbu. Jirani anakohoa.
Nani wewe, uliyenifuata toka Amana hadi makaburini,
hadi kibandani kwangu pa miamala
ninapohesabu pesa za watu nisikosee hata mia?

Jina ni hilo lako, akasema, si kwa sauti,
kwa ule ubaridi wa kwenye magoti.
Uliitwa Chausiku. Ndiye mimi.
Wewe mchana umeuazima.

Nilitaka kucheka. Nilijiandaa kwa pepo wa kudai
pete ya fedha, marashi, damu ya kuku mwekundu.
Nina kuku wawili, ningetoa mmoja.
Unataka nini?

Useme.

Niseme nini?

Simu.

Saa nane usiku, masika,
kioo kilimulika kitandani: Mwavita.
Kikazima. Kikamulika: Mwavita.
Nilijua dada hapigi saa nane kwa salamu.
Nilijua mama yuko kitanda cha sita, dirishani,
na nilikuwa nimechoka, miezi saba ya beseni na mashuka,
nilikuwa nimechoka, nikautaka usiku mmoja tu uwe wangu.
Mara ya tatu nikaigeuza kifudifudi
kama unavyomgeuza mtoto alale.

Asubuhi nikawaambia: iliisha chaji.
Msiba mzima waliipokea sentensi ile
pamoja na pilau, wakaimeza vizuri.
Mimi ndiye ninayeitafuna bado, mwaka wa tatu huu.

Sema.
Nikasema: niliona.
Mshumaa haukutikisika. Hakuna kilichoanguka.
Niliona, Mwavita. Mara zote tatu.
Na chini, chini kabisa, kukipambazuka,
kabla ya kilio nilipumua.
Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na meno.

Sikuwa mweupe. Hakuna kilichonitoka.
Nimevuta stuli ya plastiki, ile ya kufulia,
nikaiweka ndani ya chumvi, mkabala nami.
Nilipokaa, naye akashuka ukutani,
tukalingana.

Saa saba umeme ukarudi,
feni ikaipeperusha chumvi,
mtaa mzima ukapiga kelele za furaha.
Nikazima balbu.

Alfajiri Mama Rozina mlangoni, ufagio mkononi:
Mahindi gani hayo yananukia ubani?
Na nimesikia maongezi usiku. Una mgeni?

Ninaye, nikamjibu.

Kiganjani simu, jina la Mwavita,
kidole bado.