Uwanja wa Kuanikia

Pale Sumirah alipoanika mpunga
sasa anaanika mifuko.
Jua ni lile lile la Java,
reki ni ile ile ya marehemu Kasdi.

Huigeuza ikauke: pakiti ya chakula cha paka,
ganda la sabuni, uso wa mtoto
anayecheka kwa lugha asiyoijua.
Jioni lori huja, hupima, hulipa kwa kilo,
iende ikawe kuni za kiwanda cha tofu.

Moshi hurudi wenyewe,
bila nauli.

Kuku hudonoa majivu, hutaga.
Leo Wening, mjukuu, kaomba yai.
Bibi akalimenya polepole,
akalinusa,
akalitazama: jeupe, kama halina habari.

Akampa nusu.
Nusu akala mwenyewe.