Kizingiti

Kiboksi cha dukani kilikuwa na bei ya ng'ombe wa maziwa.
Nilipiga simu Kariakoo, nikakata
kabla muuzaji hajamaliza sifuri zake.
Subilaga, anayeshona sare za kwaya, akasema:
"Nunua. Huna hela, ngoja. Umechoka kungoja, piga meza."

Nikaenda Sido, Mwanjelwa,
kwa Gwamaka anayeuza maiti za redio kwa kilo.
Nikachagua saa za mezani zisizoamsha tena mtu,
nikazifumua, nikatoa kile kisahani cha shaba,
chembamba kama ganda la kitunguu,
ambacho ukikigonga kinatoa umeme kidogo,
wa kutosha kusema tu: nimeguswa.

Ndala chakavu ikawa godoro lake.
Mfuniko wa sufuria ukawa upatu.
Nililehemu usiku, dirisha wazi kwa sababu ya moshi,
baridi ya Juni ya Uyole imenikamata vidole;
risasi iliganda kabla haijashika.
Nikaanza upya.

Kilipowaka,
pigo moja likatoka mawili,
kama mwenye kigugumizi anayeapa kortini.
Nikigonga ngoma ndogo, kubwa inaitika bila kuitwa.
Nikaandika gharama nyuma ya daftari:
waya, rizista, nauli, kidole kilichoungua,
Jumamosi kumi na moja.
Jumla sikuiandika.

Ambwene alinunua chake.
Wiki ileile akapiga harusi Tukuyu,
akalipwa, akala wali. Simsemi vibaya.
Hata umeme ulipopanda ukakiunguza
alikuwa ameshakula harusi nne.
Alikileta kwangu kimefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa,
mgongoni kina karatasi ya onyo:
ukifungua, sisi hatumo.
Tukafungua.
Ndani njia nyembamba, za kupita sisimizi mmojammoja.
Tukatazama sana.
Tukafunga.

Saa nane za usiku, ngoma yangu ikalia peke yake sebuleni.
Du.
Kimya.
Du, du.
Subilaga akanishika mkono: "Nani?"
Lilikuwa lori la Zambia, limebeba shaba,
likibadili gia pale Mlima Nyoka.
Ardhi ilitetemeka, sakafu ikapokea,
kisahani cha saa mbovu kikasema: nimeguswa.
Shaba imeita shaba.

"Cha dukani kingesikia hilo?"
"Kisingesikia," nikamjibu gizani,
"ndiyo maana ni ghali."
Akacheka hadi kitanda kikacheza,
na sebuleni, polepole: du.

Dawa yake naijua. Ni kitufe kimoja,
unakizungusha, kizingiti kinapanda,
mguso mdogo unabaki nje ya mlango.
Asubuhi nikashika bisibisi.
Subilaga, pini mdomoni, hakusema kitu,
alinitazama tu juu ya kola ya mtu wa besi.

Nikapandisha, si sana.
Siku hizi mabasi yanapita, hatuyasikii.
Malori yenye mzigo bado yanaingia.