Soksi ya Mparachichi

Jua liliomba ruhusa Jumatatu,
leo ni Jumamosi, halijarudi.
Ukungu umekaa juu ya mabati ya Uthiru
kama mgeni asiyejua kuaga.

Leo ni siku ya shamba, natangaza,
ingawa shamba letu ni magunia matano,
matairi mawili, na mkebe wa rangi
wenye mparachichi wa urefu wa kijiko.

Mumbua, miaka sita, amekabidhiwa majivu ya jiko
ayanyunyize kwenye sukuma, polepole, kufukuza vidukari.
Ananyunyizia sukuma, ananyunyizia viatu,
anamnyunyizia ndugu yake nywele
kisha anamwamkia: Shikamoo, babu.

Kyalo, miaka mitatu na robo
(hiyo robo usiisahau, atakukumbusha),
ndiye mkuu wa konokono.
Anawaokota kwa vidole viwili,
kamasi zake na zao, nisijue zipi ni za nani,
anawahesabu ndani ya kikopo:
moja, mbili, nne, kumi, basi.
Mmoja amekataa kumtia humo.
Huyu hafukuzwi, anasema, huyu ana baridi.

Mimi nazimua mkojo wa sungura kwa maji
na nakosea kuutaja kwa sauti.
Mkojo!
Robo saa nzima kazi imelala chini kwa kicheko.
Mama Nduku wa mlango wa pili anafungua dirisha
kuuliza kama kuna mgonjwa.

Yapo niliyotaka kuwafundisha:
kwamba mwezi huu mche haukui, unashikilia tu;
kwamba mbegu za boga hukaushwa sasa
zingoje vuli, ndani ya bahasha, gizani.
Nilikuwa na maneno yangu kuhusu subira,
nimeyapanga tangu usiku.
Kyalo akatafuna mbegu mbili.
Mumbua akauliza kama hiyo mvua inaijua nyumba yetu.
Nikasema, hebu nipe hilo jembe dogo.

Jioni tukafunika miche kwa magunia makuukuu,
vidole vimekufa ganzi,
harufu ya samadi hadi ndani ya uji.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, giza bado,
natafuta soksi.
Chini ya kitanda. Nyuma ya beseni. Ndani ya sufuria, hata.
Kyalo amekaa mlangoni, mguu mmoja umevaa,
mwingine anausugua kwa kiganja,
ananitazama kama anayemsubiri mtu mzito wa kuelewa.
“Si nimempatia,” anasema.

Nje, kwenye mkebe wa rangi,
soksi ya kijivu yenye mstari wa kijani
imevutwa kutoka juu hadi udongoni,
na kwenye tundu la kidole gumba,
lile nililoahidi kulishona tangu Mei,
majani mawili yanachungulia,
yamelowa umande.

Nilinyoosha mkono niivue.
Kisha nikarudi ndani,
nikamvisha ya dada yake, ya waridi,
na mguu wake ulikuwa baridi kama bomba.